Kuchunguza Asili na Utofauti wa Makabila kwa Alama za Vinasaba

Kabla ya kukusanya hata tone moja la mate, andika swali lako kwa sentensi moja, kwa kuwa swali ndilo linalochagua alama, yaani sehemu ya DNA utakayoisoma. Anayefuatilia ukoo wa upande wa mama atasoma DNA ya mitokondria, yenye jozi za besi zipatazo 16,569, ambayo mtoto huirithi kwa mama; anayefuatilia upande wa baba atasoma kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana. Kila moja, hata hivyo, ni uzi mmoja tu: vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wahenga, na mitokondria yako inamtaja mmoja wao. Anayetaka kuona mchanganyiko wa jamii nzima hana budi kusoma maelfu ya snipu, yaani sehemu ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana baina ya watu, zilizotapakaa katika jozi nyingine 22 za kromosomu.

Kazi nyingi huharibikia kwenye sampuli, wala si maabara. Usitosheke na jina la kabila analojitajia mtu. Muulize babu na bibi zake wanne walizaliwa wapi na walizungumza lugha gani, kisha epuka kuchukua ndugu wa karibu, maana familia moja ikirudiwa mara tano itaonekana kama kabila lenye sura yake. Ridhaa nayo ieleze matumizi yote. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walitoa damu wakielewa kwamba inachunguzwa kisukari, wakaja kugundua kwamba imetumika pia kuchunguza asili yao; shauri lile lilimalizwa kwa maelewano mwaka 2010.

Majibu ya maabara yakifika, kagua kila alama kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria ni watu wangapi watabeba kila mchanganyiko wa aleli (matoleo ya alama moja) iwapo watu wanaoana bila mpangilio. Tuseme aleli mbili zina masafa, yaani viwango vya kupatikana katika jamii, ya 0.6 na 0.4: wanaotarajiwa kuwa na aleli zote mbili ni 2 × 0.6 × 0.4, yaani 0.48, au watu 48 kati ya 100. Ukipata 30, usikimbilie kuandika ugunduzi. Huenda kipimo kimesomwa vibaya, huenda watu wanaoana ndani ya ukoo, au umeweka jamii mbili chini ya jina moja.

Sasa linganisha jamii hiyo na nyingine ambayo masafa yake ni kinyume, 0.4 na 0.6. Ndani ya kila moja utofauti, yaani kile kiasi cha watu wanaotarajiwa kuwa na aleli zote mbili, ni 0.48; ukizichanganya kwa uzito sawa, masafa yanakuwa 0.5 na utofauti 0.50. Gawanya ile ziada ya 0.02 kwa 0.50, upate FST, kipimo cha utengano baina ya jamii, ya 0.04. Maana yake ni kwamba asilimia 4 tu ya utofauti wa alama hiyo iko baina ya jamii hizo mbili, na 96 imo ndani yake. Mwanajenetiki Richard Lewontin alionyesha jambo la namna hii mwaka 1972, alipokuta takriban asilimia 85 ya utofauti wa binadamu ndani ya jamii zenyewe.

Programu za kugawa watu katika makundi, kama ADMIXTURE, zitakuchorea rangi za kupendeza, lakini idadi ya makundi umeipanga wewe. Jaribu idadi kadhaa, na usiipe rangi yoyote jina la kabila. Kumbuka pia kwamba snipu zilizoteuliwa kwa kuchunguza Wazungu hupunja utofauti halisi wa Waafrika, ambao ndio mkubwa kuliko wote.

Mwisho, tenga alama zilizobebwa na uteuzi wa asili, yaani zilizoenea kwa kuwa ziliwasaidia wenye nazo kuishi na kuzaa. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa ulizuka kwa mabadiliko tofauti ya DNA Ulaya na Afrika Mashariki, hivyo mfugaji wa huku na wa kule wanaweza kunywa maziwa bila shida pasipo kuurithi uwezo huo kwa mhenga mmoja.