Somo: Kwenda All Saints' Cathedral, Nairobi, kwa miguu kutoka Archives (jumba la Kumbukumbu za Taifa)

Wadau, kanisa hili wengi hulipiga picha kutoka barabarani wakaenda zao. Mimi nasema njia ya kulifikia ni nusu ya ziara, kwa hivyo fuateni hatua kwa hatua.

1. Nenda siku ya kazi, mchana. Jumamosi moja nilimpeleka binamu yangu kutoka Kakamega tukakuta harusi. Tuliishia nje tukiwapigia vigelegele maharusi tusiowajua, na keki hatukuonja.

2. Kutoka Archives pandisha kidogo Moi Avenue, kisha ushike Kenyatta Avenue. Zile sanamu za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia zipo tangu miaka ya 1920. Simama usome: maandishi ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

3. Ukikaribia Uhuru Highway, tazama Nyayo House. Chini ya jengo hilo wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 80. Vuka barabara kwa uangalifu, hapo madereva hawana huruma.

4. Ng'ambo, upande wa kushoto, ni Uhuru Park, na kona yake ndiyo Freedom Corner. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa hapa wakagoma kula, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi wakaja na rungu na gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Mwafrika anajua laana ya mama mzazi kukuvulia nguo.

5. Sasa panda mteremko hadi kanisani, ukijua kwamba akina mama hao walipofukuzwa bustanini walihifadhiwa humu, wakaendelea kudai wana wao waachiliwe kwa takriban mwaka mzima.

6. Ukiingia, keti kwanza. Simu mfukoni. Kelele za magari zinafifia, macho yanazoea kiza, halafu matao yaliyochongoka, ya mtindo wa Kigothi, yanaanza kujitokeza juu. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 3, 1917, na kazi ikakamilika 1952. Msanifu, Temple Moore wa Uingereza, alifariki 1920, hakuliona likiisha. Ukitazama mabenchi, kumbuka pia Saba Saba ya 1997, yaani maandamano ya Julai 7 ya kudai mageuzi ya kisiasa: polisi waliingia humu humu wakapiga watu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi ni Mwislamu, nitaruhusiwa?
Jibu: Ingia kama mgeni, nje ya saa za ibada. Ila wanaume huvua kofia kanisani, na barakashia nayo ni kofia. Rafiki yangu wa Eastleigh aliikunja akaitia mfukoni, mambo yakaisha.

Swali: Picha je?
Jibu: Za nje piga. Za ndani uliza kwanza, na mtu anayesali usimpige hata ukiruhusiwa.

Swali: Nikibaki na muda, niongeze kanisa lipi?
Jibu: Rudi mjini hadi Holy Family Basilica, karibu na City Hall. Ni la mwaka 1963, limechorwa na mwanamke, Dorothy Hughes. Ni zege na mistari iliyonyooka, bila madoido ya Kigothi. Mke wangu anasema linafanana na ghala. Mimi nalipenda, na tumebishana hadi tukakosa matatu ya saa kumi na moja.