Siku nzima kwenye majaruba ya chumvi Bagamoyo: ninavyowatembeza wageni wangu

Kabla hujamuuliza mgeni anakula nini au amefikia hoteli gani, tazama mwezi. Nawaambia hivi wadogo zangu wanaoanza kazi ya kutembeza watu hapa Bagamoyo, kwa sababu wengi wanapanga safari ya majaruba, vile vibwawa vya kukaushia maji ya bahari ibaki chumvi, kama wanavyopanga ya magofu ya Kaole: saa tatu asubuhi, chai imeshuka, haya twende. Kaole ina msikiti wa karne ya 13, umekaa pale unakungoja. Majaruba na vijito vyake havikungoji. Ukichelewa kwa saa mbili tu, umekuta mahali pengine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: inajaa mpaka juu na kupwa mpaka mbali. Kwenye pwani yetu, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele karibu dakika 50. Wiki ikiisha umefika maji mafu, ambapo kwenye saa nne hiyohiyo ndiyo bahari imejaa, ila kujaa kwenyewe ni kwa uvivu. Kama hesabu inakupiga chenga, shuka soko la samaki jioni umuulize mzee yeyote anayefunga ngalawa. Atakujibu bila kutazama simu.

Kwa nini nimeshikilia maji? Kwa sababu ya ndege. Maji yakipwa, kitwitwi na yangeyange na wenzao wanatawanyika kwenye tope huko mbali kutafuta chakula, na mgeni wako ataona vidoadoa tu. Maji yakijaa, tope linafunikwa, nao wanasogea ndani, wanapanga mstari juu ya matuta ya majaruba kama watu wanaosubiri daladala. Kwa hiyo siku za bamvua mimi huanza na vijito na mikoko asubuhi, maji yakiwa chini. Jua la utosi tunalikimbia kivulini, halafu saa tisa alasiri tunaingia majaruba. Ukifanya kinyume, asubuhi utaona majaruba matupu na jioni utaona kijito kimekuzibia njia.

Hilo la kuzibiwa njia nalijua vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilivusha watu wanne kijito kimoja upande wa kaskazini, saa saba mchana, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Upande wa pili tukanogewa na picha. Tuliporudi saa kumi, maji yalinifika kifuani, na mama mmoja katika kundi hakujua kuogelea. Tulikaa juu ya tuta na mbu mpaka saa mbili usiku, nikiwa na nusu chupa ya maji na vitumbua vitatu vya kugawana watu watano. Hela yao niliwarudishia mwenyewe, hawakuniomba. Tangu siku hiyo sivuki kijito kabla sijajua nitarudi saa ngapi.

Msimu nao uutazame. Chumvi ni kazi ya kiangazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaingia kwenye majaruba na kuyeyusha kila kitu, na wafanyakazi wengi wanarudi mashambani. Miezi ninayoipenda ni Julai mpaka Septemba, halafu Januari na Februari. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huanza kufika kwenye Septemba na kuondoka kwenye Aprili, kwa hiyo anayetaka chumvi na ndege kwa pamoja mpe Septemba au Januari.

Vitu vya kubeba. Maji lita tatu kwa kila mtu, na usikubali mtu akwambie lita moja inamtosha. Kofia pana ya ukindu. Miwani ya jua ni lazima hata kwako wewe mwenyeji, kwa sababu weupe wa chumvi unarudisha jua kutoka chini. Wageni weupe huungua chini ya kidevu, mahali ambapo hakuna anayekumbuka kupaka mafuta. Viatu: yeboyebo za kufunga nyuma au gambuti. Ndala hapana. Tope la kijito huzinyonya, na utatumia nusu saa umepiga magoti unatafuta ndala ya mtu. Mwenye kidonda au lengelenge mguuni apake mafuta ya nazi kwanza na avae gambuti, maana maji ya majaruba yakigusa kidonda, safari imeisha. Na beba mayai mabichi matatu. Nitakwambia ya nini.

Asubuhi, kwenye mikoko, usiseme mengi. Watu wengi huiita yote mikoko, lakini mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui. Mchu ni ule ambao mizizi yake inachomoza kwenye tope kama penseli, mamia kwa mamia. Chuma jani moja la mchu, mpe mgeni alilambe. Ni chumvi tupu. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Jani moja linatosha. Matawi usivunje, mikoko ni hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa. Baada ya hapo nyamaza dakika tano. Kaa wenye gando moja kubwa watatoka mashimoni, na mgeni atakuwa na kazi ya kuwatazama mpaka umwite.

Mchana kula mahali penye kivuli. Mimi hubeba muhogo wa kuchemsha, samaki wa kukaanga na juisi ya ukwaju. Madafu tunanunua njiani. Basi.

Sasa majaruba. Kabla ya kukanyaga, salimia. Haya si maonyesho, ni kazini kwa watu. Najua kwa sababu na mimi nilibeba chumvi kwa karai kichwani miaka sita, na nilikuwa nachukia sana mtu kusimama juu ya tuta ananielekezea kamera jasho likinitoka. Tafuta msimamizi umwombe ruhusa, halafu wasogelee wanaovuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetuletea tena wageni?"

"Nimewaleta. Wanaomba waone. Picha mpaka mseme wenyewe."

"Wapige chumvi. Mimi leo sijachana nywele."

Hapo umeshaingia. Waambie wageni wapite juu ya matuta kwa mstari mmoja, katikati, si ukingoni. Tuta ni udongo. Ukibomoa ukingo, maji ya jaruba moja yanavujia la pili na kazi ya wiki imeharibika. Na wasiingie kabisa kwenye jaruba linalozaa chumvi. Kila nyayo ni tope kwenye chakula cha mtu.

Ndipo unatoa mayai. Hili nilijifundisha mwenyewe, na wageni husahau maelezo yangu yote lakini hili hawalisahau. Jaza ndoo ndogo kwa maji ya bwawa la kwanza, yale yaliyoingia kwa lango wakati wa bamvua. Tia yai. Linazama, kwa sababu hayo bado ni maji ya bahari ya kawaida, gramu 35 hivi za chumvichumvi kwa kila lita. Pipa la lita 200 lina kilo saba tu. Nenda majaruba ya katikati, ambako jua na upepo vimeshakunywa sehemu kubwa ya maji, ujaze tena. Yai la pili linaelea, kichwa kidogo tu kimetokeza. Kisha nenda jaruba la mwisho. Yai la tatu linakaa juu kabisa, unalisukuma chini kwa kidole na linaruka. Pale maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyoingia, na chumvi haina tena pa kukaa, inaanza kuganda.

Mwambie mgeni atie vidole kwenye maji hayo ya mwisho avisugue. Yanateleza kama mafuta. Siku isiyo na upepo utaona chembe changa zikielea juu, vipande vidogo vya pembe nne, vyembamba kuliko ukucha. Upepo ukipita kidogo tu, vinazama vyote kwa pamoja. Nimeviona mara nyingi sana na bado huwa nasimama. Kwenye majaruba ya kabla ya hapo, ukigusa chini utakuta gamba gumu. Hiyo ni jasi, inaganda kabla ya chumvi. Na maji yanayobaki baada ya mavuno humwagwa, hayakaushwi mpaka mwisho, kwa kuwa yana uchungu unaoharibu ladha. Wakati mwingine jaruba linakuwa jekundu kama juisi ya rozela. Wageni hudhani ni sumu. Ni vijidudu vinavyopenda chumvi kali, havina neno.

Chumvi iliyovunwa inalundikwa ichuje maji, halafu inaongezwa madini joto (iodini) kabla ya kwenda dukani. Mgeni akitaka ya kuonja, sawa. Akitaka kilo kumi za kupika nyumbani, mweleze kuhusu madini joto kwanza.

Kuhusu heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu (flamingo): usiahidi. Huja, wakati mwingine wengi, wakati mwingine miezi inapita humwoni hata mmoja. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana Ziwa Natron, huku wanapita tu kula. Anayelipa pesa kwa ajili ya heroe peke yake, mwelekeze kaskazini mwa nchi.

Niliwahi kumtembeza mama mmoja kutoka Chile ambaye kwao anafanya kazi hii hii, huko Atacama. Tulizungumza kama mafundi wawili. Mji wao wa San Pedro uko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mabwawa anakopeleka watu yanapita mita 4,000. Chumvi yao haitoki baharini: maji ya milimani yanateremka na madini kwenye bonde lisilo na pa kutokea, yanakauka humo humo. Wana heroe wa aina tatu. Tabu yao ni hewa nyembamba. Mtu akipandishwa siku ya kwanza, kichwa kinamuuma na anatapika, kwa hiyo wanamlaza mji wa chini kwanza azoee. Aliniuliza sisi huku tunaogopa nini. Nikamwonyesha kijito, maji yalikuwa yanaanza kupanda. Akacheka, akatazama saa, akawa wa kwanza kuondoka.

Kitu kingine cha kuogopa ni mdomo wa mto Ruvu. Kuna viboko na mamba. Mgeni aliyechomwa na jua siku nzima akiona maji mengi atataka kuoga; mkatalie hata kama amelipa vizuri.

Ondoka majaruba kabla giza halijaingia, lakini si kabla ya mambo mawili. Moja, wanaovuna wape mkononi mgawo wao wa hela ya safari, wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo. "Nitakuja kesho" iliniharibia urafiki na watu wa jaruba moja mwaka mzima. La pili, kwenye gari au bajaji weka dumu la maji baridi na bakuli. Mgeni akae, amwagiwe maji miguuni mpaka weupe wote utoke katikati ya vidole, ajifute. Ukiacha, usiku ngozi inakauka na kupasuka, na asubuhi hawezi kuvaa kiatu.

Mayai nawaachia akina mama. Siku hizi wakiniona natokeza wananihesabia, nikija na mawili wananiuliza la tatu nimelila na nani.