Kumpata wakili wa kudai fidia baada ya ajali ya gari
Kabla ya kumwendea wakili, kusanya ripoti ya polisi, picha za ajali, cheti cha daktari na kila risiti ya matibabu, hata ile ya vidonge vya maumivu, kwa kuwa dai husimama juu ya ushahidi. Muulize kama amezoea kesi za ajali, na kama malipo yake ni ya mkupuo au asilimia ya fidia. Ikiwa ni asilimia, mkataba ueleze iwapo gharama za kesi hukatwa kabla au baada ya hesabu hiyo, maana hapo ndipo wengi huduwaa. Anayekuahidi kiasi fulani siku ya kwanza, mwepuke. Usichelewe, kwani sheria huweka ukomo wa muda wa kudai, wala usisaini hati yoyote ya kampuni ya bima kabla wakili hajaisoma.