Kusimba ujumbe kwa kalamu na karatasi, na mahali Kiswahili kinapokusaliti

Mifano mingi ya usimbaji, yaani kugeuza ujumbe uwe wa siri, imetungwa kwa Kiingereza, ambako herufi inayotawala ni E. Kwetu mtawala ni A: huchukua karibu herufi moja katika kila tano. Pia karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Mambo haya mawili huvunja siri za Kiswahili haraka kuliko watu wanavyodhani, na mtu akiyasahau, mbinu nzuri humharibikia mkononi.

Tayarisha daftari la hesabu lenye viboksi, penseli, na dadu mbili za rangi tofauti. Andika alfabeti yenye herufi 26, Q na X zikiwemo, kisha chini yake namba: A ni 0, B ni 1, hadi Z iliyo 25.

Kuhamisha herufi

Suetonius, mwandishi wa historia wa Roma ya kale, anaeleza kwamba mtawala Julius Caesar alisogeza kila herufi hatua 3 mbele. Kwa njia hiyo NJOO KESHO inakuwa QMRR NHVKR. Mvunjaji, yaani mtu anayejaribu kufichua siri hiyo, ana funguo 25 (idadi za hatua) za kujaribu, lakini hapa hahitaji zote. Maneno yote mawili yameishia kwa R, kwa hiyo R ni A, E, I, O au U. Majaribio matano yanatosha. (Kinyume cha watoto, kile cha kupeleka silabi ya mwisho mbele ili kesho iwe shoke, humchanganya msikilizaji kwa muda. Kwenye karatasi hakilindi chochote.)

Kuchanganya alfabeti nzima ovyo hakuokoi sana. Mwanazuoni Al-Kindi wa Baghdad alikwishaonyesha katika karne ya 9 kwamba ukihesabu herufi za ujumbe uliosimbwa, inayoongoza hujifichua. Kwetu itakuwa A, na neno la herufi mbili linaloishia nayo litakuwa na, ya, wa, la au za. Kwa hiyo kabla ya kusimba lolote, ondoa nafasi kati ya maneno, kisha uandike matokeo kwa mafungu ya herufi tano.

Ufunguo wa neno

Mbinu hii ilielezwa na Mwitalia Giovan Battista Bellaso mwaka 1553, ingawa sifa zimemwendea Mfaransa Vigenère. Kila herufi ya ujumbe husogezwa kwa kiasi chake, kulingana na herufi ya neno la siri iliyo juu yake.

Chagua neno lisilo na A. KARAFUU ni ufunguo mbaya: A ni 0, kwa hiyo herufi mbili katika kila saba zinabaki wazi kama zilivyo, na U mbili zinasogeza kiasi kilekile. MPINGO ni bora, herufi sita zote tofauti: 12, 15, 8, 13, 6, 14.

Tusimbe LETE BARUA KESHO USIKU. Herufi ni 19, kwa hiyo ongeza moja ya kujazia, tuseme W, zitimie 20. Usizoee kujazia kwa X kila mara, maana mvunjaji atakuwa ameshajua herufi yako ya mwisho. Andika ufunguo juu ya ujumbe, herufi moja kwa kila kiboksi:

MPINGOMPINGOMPINGOMP
LETEBARUAKESHOUSIKUW

Jumlisha namba za kila safu. Jumla ikifika 26 au kuzidi, toa 26. L na M: 11 + 12 = 23, yaani X. T na I: 19 + 8 = 27, toa 26, inabaki 1, yaani B. Ukimaliza unapata:

XTBRH ODJIX KGTDC FOYGL

U tatu za ujumbe zimekuwa J, C na G. A mbili za "barua" zimekuwa O na I. Kusimbua ni kutoa badala ya kujumlisha, na jibu likiwa chini ya sifuri ongeza 26: B toa I ni 1 − 8 = −7, ongeza 26, ni 19, herufi T.

Kosa la kawaida ni kuruka herufi moja. Mwenzako atasoma vizuri hadi hapo, kisha takataka tupu. Dawa yake ni kutafuta fungu lenye herufi nne, kuacha kiboksi kimoja wazi, na kuendelea na ufunguo kana kwamba herufi ipo. Ikiwa mafungu yote ni kamili, kosa lilitokea kabla ya kugawa. Sogeza ufunguo hatua moja mbele au nyuma kuanzia pale maana ilipokatika.

Jinsi inavyovunjwa

Mwaka 1863 Friedrich Kasiski, ofisa wa Prussia, alichapisha njia. Tafuta vipande vya herufi tatu au zaidi vinavyojirudia, kisha hesabu umbali kati yao. Ukipata 18, 30 na 42, kigawanyo kikubwa cha zote ni 6, na huo huenda ndio urefu wa ufunguo. Panga ujumbe kwa safu sita. Kila safu sasa ni uhamishaji wa Caesar tu.

Hapo ndipo Kiswahili kinamrahisishia kazi mvunjaji. Herufi inayoongoza katika safu huenda ni A iliyosimbwa, na A ni 0, kwa hiyo kinachoonekana ni herufi ya ufunguo yenyewe. Ukisoma vinara vya safu sita kuanzia kushoto utakuta M, P, I, N, G, O, bila hesabu yoyote. Kwa herufi 20 tu zilizo hapo juu haiwezekani, kwani safu zina tatu au nne. Safu zikifika herufi 20 hivi kila moja, anza kuogopa. Ujumbe mfupi kumi chini ya ufunguo mmoja ni sawa na ujumbe mrefu mmoja: majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yalitegemea funguo chache mno, kama MANCHESTER BLUFF na COMPLETE VICTORY, na wapinzani wao wakasoma barua zao.

Ufunguo wa mara moja

Ufunguo ukiwa mrefu sawa na ujumbe, wa bahati nasibu, na hautumiki tena, hauvunjiki. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alithibitisha hilo kimahesabu katika makala ya 1949. XTBRH ikisimbuliwa kwa NPJKT ni KESHO, kwa NXBGD ni KWALE. Mvunjaji hana cha kumwambia ipi ni ya kweli.

Rusha dadu nyekundu na nyeupe. Toa 1 kwenye nyekundu, zidisha kwa 6, kisha ongeza nyeupe pungufu ya 1. Nyekundu 3 na nyeupe 5 ni 2 × 6 + 4 = 16, herufi Q. Ikija 26 hadi 35, rusha tena. Usitoe 26 kama kwenye kusimba, kwa sababu A hadi J zitatokea mara mbili zaidi ya nyingine. Wala usibuni herufi kichwani: mkono wa mtu hukwepa kurudia herufi, dadu hazikwepi.

Andika nakala mbili, kila ukurasa na namba yake, na uiandike namba hiyo wazi mwanzoni mwa ujumbe ili mwenzako afungue palepale. Weka karatasi moja moja juu ya kioo unapoandika, la sivyo penseli itaacha alama kwenye ukurasa wa chini. Ukishatumia ukurasa, uchome. Wasovieti walirudia baadhi ya kurasa za namna hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Wamarekani katika Venona, mradi wao wa kuvunja siri hizo ulioanza 1943, waliendelea kuzisoma jumbe hizo hadi 1980.