Ndugu Yako Amekamatwa: Mwongozo wa Wakili, Kuanzia Kituoni Hadi Rufaa

Kesi nyingi za jinai huharibika kabla faili haijamfikia wakili. Mtu ameandikisha maelezo marefu kituoni, ametia sahihi bila kusoma, au amekiri mbele ya hakimu ili tu arudi nyumbani jioni hiyo. Kuyarekebisha baadaye ni kazi ngumu, na mengine hayarekebishiki. Kwa hivyo nimeyapanga maswali ninayoulizwa kila mara kwa kufuata mkondo wa kesi yenyewe, kwa mujibu wa sheria za Kenya. Kesi yako ina mambo yake ambayo lazima uyazungumze na wakili wako ana kwa ana, lakini hatua za kwanza ni zile zile kwa karibu kila mtu.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi na anadaiwa kufanya nini

Nenda kituoni mwenyewe, ukiwa mtulivu. Uliza mambo matatu: je, anazuiliwa hapo, kwa kosa gani, na ofisa anayechunguza kesi ni nani? Omba nambari ya OB, yaani ile iliyo kwenye kitabu cha matukio, kisha uandike saa aliyokamatwa. Saa hiyo utaihitaji baadaye.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kwa lugha anayoielewa, na haki ya kuwasiliana na wakili pamoja na mtu mwingine ambaye anahitaji msaada wake. Ukiambiwa "huyo hatuna", zunguka vituo vya karibu na uandike umeongea na nani na saa ngapi. Asipopatikana, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Haki ya kuomba amri hiyo imo katika orodha fupi ya haki ambazo Katiba inasema haziwezi kuwekewa mipaka.

Hatua ya 2: Anyamaze, lakini kwa heshima

"Wakili, nikinyamaza si nitaonekana nina hatia?" Hapana. Kunyamaza ni haki ya kikatiba, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha.

Taja jina lako, onyesha kitambulisho, kisha sema: "Nitaandikisha maelezo wakili wangu akiwepo." Ukiulizwa tena, rudia maneno hayo hayo. Usibishane wala kusukumana na ofisa hata kama unaamini kukamatwa kwako hakukuwa halali. Hilo litaamuliwa mahakamani, na kumzuia ofisa kufanya kazi yake ni shtaka jingine juu ya lile la kwanza.

Watu wengi wasio na hatia hujiumiza kwa kujieleza. Mtu anasema, "Nilikuwepo, lakini sikumgusa." Yeye anaona amejitetea, kumbe amejiweka mahali pa tukio, jambo ambalo huenda upande wa mashtaka haungeweza kulithibitisha. Ni kweli Sheria ya Ushahidi inabana sana ungamo la kituoni: ili likubalike, lazima litolewe mbele ya ofisa wa cheo fulani ambaye si yule anayechunguza kesi, na mbele ya mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Lakini hata mahakama ikiyakataa maneno yako, mpelelezi ameshajua amtafute shahidi gani.

Ukiandikisha maelezo, soma kila ukurasa kabla ya sahihi. Kama yameandikwa kwa lugha usiyoielewa vizuri, usitie sahihi mpaka usomewe na ueleweshwe. Palipobaki nafasi tupu, piga mstari.

Hatua ya 3: Dhamana

Dhamana huweza kutolewa kituoni, kabla ya mtu kufikishwa mahakamani, na tena mahakamani baada ya kusomewa mashtaka. Kituoni mtu huachiliwa kwa bondi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika mahakamani, bila kutoa pesa, au kwa pesa taslimu. Zikitolewa pesa, lazima upewe risiti rasmi. Pesa zisizo na risiti si dhamana, na hakuna atakayekurudishia.

Kwa makosa yapi? Tangu Katiba ya 2010, kila kosa linaweza kupewa dhamana, hata mauaji, isipokuwa pawe na sababu nzito za kuikataa: kwa mfano hofu kwamba mshtakiwa atatoroka au atawatisha mashahidi. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzionyesha sababu hizo. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande.

Kiasi kikiwa kikubwa kuliko uwezo wa familia, usikae kimya. Sheria inasema dhamana isipite kiasi, na Mahakama Kuu inaweza kuipunguza. Mweleze hakimu mapato, watoto wanaokutegemea na makao yako ya kudumu. Hakimu hawezi kuyajua mambo hayo usipoyasema.

Kwa anayeombwa kuwa mdhamini: fikiri kwanza. Ukiweka hatimiliki ya shamba au logbuku ya gari na mshtakiwa akatoroka, mahakama inaweza kukudai thamani ya bondi yote. Pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha, awe amepatikana na hatia au la, mradi amekuwa akifika mahakamani. Tunza risiti halisi uliyopewa ulipolipa.

Hatua ya 4: Hesabu saa 24, tena uzihesabu vizuri

Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24. Zile saa zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Chukua mtu aliyekamatwa Ijumaa saa 11 jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi saa 11 jioni, mahakama imefungwa, kwa hivyo anaweza kufikishwa Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Jumatatu ikiwa sikukuu, ni Jumanne. Ndiyo maana dhamana ya kituoni ni muhimu mno kwa anayekamatwa kuelekea wikendi. Aliyekamatwa Jumanne asubuhi, naye Alhamisi bado yuko seli bila amri yoyote, haki yake imevunjwa, na wakili anapaswa kulisema hilo siku ya kwanza mahakamani.

Polisi wakihitaji siku zaidi, ni lazima waombe kwa hakimu na watoe sababu. Pinga ombi hilo. "Bado tunachunguza" si sababu ya kutosha peke yake.

Hatua ya 5: Siku ya kusomewa mashtaka

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana dakika chache za asubuhi hiyo zinaweza kukufuata maisha yako yote.

Karani anasoma shtaka, kisha anauliza kama ni kweli. Kwenye benchi la nje kuna mtu amekunong'oneza: "Sema ni kweli, utapigwa faini ndogo uende." Huyo hatalipa faini yako, wala hatafungwa nawe. Ukikiri kosa mbele ya hakimu na ukahukumiwa, sheria haikuruhusu kukata rufaa juu ya hatia yenyewe, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Hukumu hiyo pia inaweza kujitokeza siku utakapoomba cheti cha tabia njema ili uajiriwe.

Tangu kesi ya Adan mwaka 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, utaratibu unajulikana. Shtaka na kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo ambalo lazima lithibitishwe, huelezwa kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya yaliyotokea, na mshtakiwa anaulizwa kama anayakubali. Akiyapinga au akiongeza jambo linalotia shaka hatia yake, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Tuseme umeshtakiwa kwa kumjeruhi jirani. Unajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini alikuja na panga." Huko si kukiri. Hapo umeeleza kwamba ulikuwa unajilinda, na kesi inapaswa kusikizwa. Au: "Ni kweli niliichukua baiskeli, lakini ni yangu." Huo pia ni utetezi. Kwa hivyo usikatishe jibu lako kwenye "ni kweli" kama moyoni mna "lakini". Kama hujaelewa lugha, omba mkalimani; hulipii. Kama hujaongea na wakili, omba muda. Ukiwa na shaka yoyote, kana mashtaka. Kukana si kusema uongo; ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe. Aliyekiri kwa kuchanganyikiwa anaweza kumwomba hakimu abadilishe jibu kabla ya adhabu kutolewa, basi asichelewe.

Kuna maafikiano halali ya kukiri kosa, kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yaliyo katika sheria tangu 2008. Hayo huandikwa, hutiwa sahihi, na mahakama huhakikisha mshtakiwa ameingia kwa hiari. Ahadi ya kwenye korido si maafikiano.

Hatua ya 6: "Mlalamishi amenisamehe. Si kesi imeisha?"

Haijaisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na mlalamishi ni shahidi wake. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye mwenye mamlaka, naye hawezi kuisitisha kesi bila idhini ya mahakama. Kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama ugomvi wa kupigana kofi, mahakama inaweza kuhimiza upatanisho, na mlalamishi anaweza kuomba kuiondoa kesi. Afanye hivyo mahakamani, mwenyewe, akieleza sababu. Kesi za ubakaji na unajisi haziishi kwa vikao vya familia, na hazipaswi kuishia huko.

Usimtafute mlalamishi wewe mwenyewe. Hata ukienda kuomba msamaha kwa nia njema, unaweza kushtakiwa kuwa umemtisha shahidi, na dhamana ikafutwa. Mwache wakili azungumze.

Hatua ya 7: Kukosa pesa za wakili

Mwambie hakimu, na uombe jambo hilo liandikwe. Katiba inataka Serikali impe mshtakiwa wakili pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa. Kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu, hilo ni kawaida. Kuna pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ambayo ilianzisha huduma ya kitaifa kwa wasiojiweza.

Hatua ya 8: Jiandae mapema

Dai nakala za maelezo ya mashahidi na ushahidi mwingine kabla ya kesi kuanza. Ni haki yako. Kisha tafuta wa kwako: ulikuwa wapi, na nani, ukilipia nini. Picha za kamera za duka au jengo hufutika baada ya muda, basi omba zihifadhiwe wiki hiyo hiyo. Jumbe za WhatsApp zisifutwe, na simu isiuzwe. Ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa gani.

Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi, hakimu huamua kama wewe una kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi huo unatosha kukutaka ujitetee. Ukiwa nayo, una njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali na kiongozi wa mashtaka, kuongea bila kiapo na usiulizwe, au kunyamaza. Kwa maoni yangu, mwenye utetezi wa kweli aape, kwa sababu maneno yaliyopita kwenye maswali makali yana uzito zaidi. Lakini amueni pamoja na wakili.

Hatua ya 9: Ukihukumiwa

Kabla ya adhabu, eleza yanayoweza kuipunguza: ni kosa la kwanza, afya yako, wanaokutegemea. Uliza kuhusu kifungo cha nje au huduma kwa jamii. Hakikisha siku ulizokaa rumande zimezingatiwa kwenye kifungo. Sheria inataka hivyo.

Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Omba nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu siku hiyo hiyo, kwa barua, na ubaki na nakala yenye muhuri wa tarehe iliyopokelewa. Siku 14 zikipita huku ukingoja nakala hizo, barua hiyo ndiyo utakayoiambatanisha na ombi la kuongezewa muda.