Kibenchi cha kwanza kwa anayeanza useremala Dodoma

Nimeandika haya baada ya kumsaidia jirani yangu wa Nkuhungu, dada mtumishi wa ofisini aliyehamia huku na meza yake ya mninga kutoka Dar es Salaam. Kiangazi cha kwanza tu, uso wa meza ukapasuka kwa urefu. Akaniuliza, "Fundi, hivi niliuziwa mninga feki?" Mninga ulikuwa wenyewe. Meza ilitengenezwa kwenye hewa ya pwani, ikaja kukaa kwenye upepo wa Dodoma, na chini yake kulikuwa na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kukatisha nyuzi. Mbao ilipotaka kusinyaa haikupata nafasi. Tulipomaliza kuitazama akasema anataka kujifunza mwenyewe, na tukaanza na kibenchi hiki.

Hatua ya 1: Vifaa

Msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa ya chuma ya namba 4, patasi moja ya milimita 18 au karibu na hapo, skwea, tepu, nyundo, bisibisi na drili ndogo. Usianze na mashine. Randa ya umeme inakula mbao kabla mkono wako haujajua nyuzi zinalala upande gani. Randa nzee ya chuma nzuri, hata ikiwa na kutu, naichukua mbele ya mpya ya bei rahisi ambayo kisu chake hakishiki makali.

Hatua ya 2: Kununua mbao

Nunua paina ya inchi moja kwa nane, futi 12, ubao mmoja. Paina nyingi tunayoiona hapa mjini inatoka Mufindi, kwenye Shamba la Miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka. Ni laini, ni nafuu, inasamehe. Mninga na mkongo viache kwanza, na siku utakapovinunua dai risiti, maana mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Tazama kichwa cha ubao, yaani ncha iliyokatwa. Ukiona kiini cha mti, ile nukta ya katikati ya duara, rudisha; hapo ndipo utapasukia. Kisha inua ubao hadi usawa wa jicho uangalie kama umejipinda.

Watakuuliza kama wakurandie hapohapo kwa mashine. Kataa. Ubao mbichi ulionyooshwa leo utajikunja ukikauka, na unene ulioupoteza haurudi.

Hatua ya 3: Kukausha

Hapa ndipo kazi za wanaoanza zinapoharibikia, kwa hiyo soma taratibu.

Ndani ya mbao kuna maji ya aina mbili. Yale yaliyo kwenye matundu ya nyuzi yanatoka bila kubadili umbo. Yaliyobaki yamo kwenye kuta za nyuzi zenyewe, na unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, hayo nayo yanaanza kutoka na mbao inaanza kusinyaa. Inasinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu hubadilika kidogo mno, huna haja ya kuhesabu. Ubao wa sentimita 20 ukishuka kutoka asilimia 20 hadi 10 unaweza kupoteza milimita 4 au 5 za upana. Hizo milimita ndizo zilizopasua ile meza.

Mbao haikauki hadi sifuri. Inasimama inapolingana na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 inaiacha karibu na 12. Ya asilimia 40 inaiacha kwenye 7 au 8. Kwa hiyo neno "kavu" la muuzaji halikusaidii mpaka ujue ni kavu kwa hewa ya wapi. Unachotaka wewe ni mbao iliyozoea chumba ambamo kibenchi kitakaa.

Kata vipande sasa, kila kimoja kikizidi kipimo kwa sentimita 5: kimoja cha 80 kwa ajili ya uso, viwili vya 40 kwa miguu, kimoja cha 70 ambacho baadaye utakipasua kwa urefu upate mbavu mbili, yaani mbao za kuunganisha miguu chini ya uso. Kinachobaki ni cha kujifunzia. Vichwa vyote vipake rangi yoyote ya mafuta, hata mabaki ya geti. Maji hutoka haraka zaidi kwenye vichwa kuliko ubavuni, na kichwa kikisinyaa kabla ya katikati kinapasuka.

Vipange juu ya matofali, katikati ya kipande na kipande weka vijiti vya unene mmoja, sentimita 2, kila baada ya sentimita 40. Vijiti vya juu vilingane wima na vya chini. Vikipishana, ubao unajipinda kufuata kosa lako. Juu weka uzito. Vikae kivulini. Nasisitiza kivulini, hasa Julai hadi Septemba ambapo upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa: ngozi ya ubao inakauka na kukaza huku ndani kukiwa bado kubichi, unapata nyufa nyembamba uso mzima. Baraza likiwa wazi sana, ziba upande unaopiga upepo kwa turubai. Usifunike lote, utaleta ukungu.

Utajuaje imekauka? Usikubali "ipige uisikie inalia". Tumia mizani ya jikoni. Chukua kile kipande cha sentimita 80, kipime, andika gramu na tarehe kwa penseli juu yake. Rudia kila wiki. Kilichoingia na gramu 2,300 kinaweza kuishia 1,900. Wiki mbili mfululizo zikipita bila kupungua hata gramu 20, kiingize ndani ya nyumba, kikae, kipime tena. Kikitulia, anza kazi. Kwa paina ya inchi moja hesabu wiki kadhaa hadi miezi michache, kutegemea ilikuja mbichi kiasi gani. Usipime kwa kipande kidogo ulichokata pembeni. Hicho hukauka mapema na kitakudanganya.

Jambo moja la msimu: mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo mbao hurudisha unyevu na kupanuka. Ukikausha wakati huo, tarajia kazi yako ipungue kidogo ifikapo Agosti. Kwa kibenchi hiki si tatizo, na sababu iko hatua ya 6.

Hatua ya 4: Kunoa

Una wiki za kusubiri, zitumie kunoa. Huhitaji jiwe la gharama. Kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 240, 400, 1000 na 2000, na maji. Lainisha kwanza mgongo wa patasi mpaka ung'ae karibu na makali, kisha iinamishe kwa pembe ya digrii 25 hadi 30 na usugue bila kubadili pembe mpaka uhisi kwa kidole kijiukingo cha chuma upande wa pili. Usipokihisi, usihamie msasa unaofuata. Jaribu kwenye kichwa cha paina: patasi kali inakata safi, butu inaponda nyuzi.

Hatua ya 5: Kukata

Randa, pima, weka alama kwa kisu, kata nje ya alama. Penseli ni ya kuandikia gramu.

Hatua ya 6: Kuunga

Nyuzi za miguu zisimame wima, za uso na mbavu ziende kwa urefu. Ukipanga hivyo, uso na miguu vinasinyaa kuelekea upande mmoja, hakuna kinachomzuia mwenzake. Kwenye pembe za juu za kila mguu chonga pengo la kina sawa na unene wa ubavu, ubavu uingie ukae sawa na ukingo. Gundi nyeupe ya mbao, skrubu mbili kila kiungo, na toboa kwanza kwa drili kwani paina hupasuka karibu na kichwa. Paka gundi asubuhi. Upepo wa mchana huikausha kabla hujabana. Huna klampu? Vipande vya tyubu ya baiskeli, vivute na kuvizungusha, vinabana vizuri kuliko klampu nyepesi za dukani.

Uso uweke upande wa moyo wa mti ukiangalia juu, ili ukijikunja kingo zake zilalie miguu. Siku utakapotengeneza meza ya miguu minne, matundu ya skrubu zinazoshika uso yawe marefu kukatisha nyuzi, uso upate kusogea.

Hatua ya 7: Vanishi

Msasa 120, kisha 180, kufuata nyuzi. Nyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, paka mapema kabla ya upepo, mikono miwili myembamba, yaani mipako miwili. Paka na chini ya uso pia, kwa idadi ileile: upande ulioachwa mtupu hupokea na kutoa unyevu haraka kuliko ule uliopakwa, na ubao utajikunja hata ulioukausha vizuri.