Jinsi ya Kuchagua Uwanja wa Gokati Jijini Nairobi

Mwaka juzi niliwapeleka wapwa zangu watatu kwenye uwanja wa gokati, yale magari madogo ya mbio yaliyo wazi, ambao nilikuwa nimeuchagua kama wengi wetu tunavyochagua, yaani kwa kuvutiwa na picha za mtandaoni. Tulivuka jiji zima Jumamosi mchana, tukapanga foleni, na tulipofika kaunta yule mdogo wa miaka tisa akasimamishwa kando ya ubao wa vipimo, akaonekana amepungukiwa na kimo kwa vidole vitatu. Alikaa kwenye benchi saa nzima akiwashikia wenzake simu. Mimi nami nilipewa gari ambalo breki yake ilizama karibu kugusa sakafu kabla ya kushika, na nilipomweleza kijana aliyekuwa akitupanga, alinijibu, "Usijali mzee, ukizoea itashika." Jina la uwanja huo nitalihifadhi. Tangu siku hiyo, hata hivyo, silipi popote kabla ya kusimama kwenye uzio na kuitazama zamu nzima ya madereva wengine, tangu wanapovaa helmeti hadi wanapozivua, na sehemu kubwa ya yale nitakayoeleza hapa nimeyapata nikiwa nimesimama hapo.

Nairobi haina utitiri wa viwanja vya aina hii. Vinavyotajwa sana ni GP Karting, kilichoko katika eneo la Carnivore kando ya Barabara ya Lang'ata, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, na Whistling Morans, kilichoko upande wa Athi River, pembeni mwa Barabara ya Mombasa. Anayetoka Lang'ata, Ngong Road au katikati ya jiji atakiona cha kwanza kuwa cha karibu, ilhali anayeishi Syokimau, Mlolongo au Kitengela hana sababu ya kuvuka jiji. Barabara ya haraka ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 hukomea Mlolongo, kwa hiyo aendaye Athi River bado ana kipande cha barabara ya kawaida mbele yake, na jioni ya Ijumaa kipande hicho kinaweza kula muda mwingi kuliko utakaoutumia ndani ya gari la mbio. Umbali ni sehemu ya gharama, lakini usiufanye kuwa kigezo pekee.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu na uulize mambo mahususi. Uliza kimo cha chini kabisa kinachokubalika kwa mtoto kuendesha peke yake, na usiridhike na umri, kwa maana kinachoamua ni kama miguu inafika kwenye kanyagio huku mgongo ukiwa umeegemea kiti. Kisha mpime mtoto kwa utepe akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Uliza kama kuna gari la viti viwili kwa mtoto ambaye hajatimiza kimo. Uliza ni magari mangapi huingia njiani kwa wakati mmoja, na kama watoto huchanganywa na watu wazima. Hili la mwisho mimi nalipa uzito mkubwa: uwanja unaomweka mtoto wa miaka kumi katika zamu moja na vijana waliotoka kazini wakiwa na hamu ya kushindana, nauondoa kwenye orodha hapo hapo kwenye simu.

Ukifika, usikimbilie kaunta. Nenda kwenye uzio, utafute mahali unapoiona kona kali iliyo mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka, usimame hapo. Watazame kwanza wasimamizi wa njia. Msimamizi mzuri huyafuata magari kwa macho, hana simu mkononi, na gari linapozunguka na kukwama, bendera ya manjano inakuwa imeinuliwa kabla dereva anayefuata hajafika kwenye kona hiyo. Katika viwanja vingi bendera ya manjano humaanisha hatari na katazo la kupita, ya buluu humwambia dereva ampishe aliye nyuma yake, nyekundu humaanisha kusimama, na ile ya mirabaraba myeusi na myeupe hufunga zamu. Angalia kama madereva wanazitii, kwa kuwa wasipozitii ni dalili kwamba hawakuelezwa chochote kabla ya kuingia. Baadhi ya viwanja vina rimoti ya kupunguza mwendo wa magari yote kwa mara moja, na ukiona msimamizi akiitumia ajali inapotokea, ujue kwamba kuna mtu aliyefikiria mambo.

Halafu tazama kingo. Matairi makuukuu ni kinga nzuri iwapo yamefungwa pamoja kwa bolti au mkanda mpana, na hasa yakiwa yamefunikwa kwa mbele ili gurudumu la gari lisiingie katikati yake. Matairi yaliyopangwa tu kama mafungu ya viazi sokoni hutawanyika kwa pigo la kwanza, na gari la pili hukuta ukuta mtupu. Nyuma ya matairi pia patazamwe: kama kuna nguzo ya taa, mti au ukingo wa saruji mita moja tu kutoka kwenye kona ya mwendo mkali, huo ni uzembe usioweza kutetewa.

Jambo la tatu la kutazama ni magari yenyewe yakiwa njiani. Chagua magari mawili yanayoendeshwa na watu wenye uzito unaokaribiana, kisha ulinganishe yanavyotoka kwenye kona na kushika kasi. Tofauti ndogo ipo kila mahali, kwa sababu injini huzeeka kwa viwango tofauti, lakini gari moja likiachwa nyuma mita nyingi katika kila sehemu iliyonyooka ilhali dereva wake amekanyaga mafuta mpaka mwisho, matengenezo ya uwanja huo yana kasoro, na huenda gari hilo ndilo utakalopewa wewe. Tazama pia moshi. Moshi wa rangi ya buluu huonyesha kwamba injini inaunguza oili, na moshi mweusi huonyesha kwamba inapewa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana.

Hapo kwenye hewa ndipo Nairobi inapojitenga na miji mingine. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na chaja ya hewa (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini ile ile iliyokuwa ikinguruma Mombasa hupungukiwa na takriban sehemu moja ya sita ya nguvu ikiletwa hapa. Fundi anayeijua kazi yake hurekebisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ili petroli ilingane na hewa iliyopo, na asiyejali huiacha kama ilivyotoka kiwandani, ikatoa moshi mweusi na kusitasita inapokanyagwa. Gari la umeme halina tatizo hilo, kwani mota yake haipumui. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba magari ya uwanja fulani yana injini ya sentimita za ujazo 270 au 390, chukulia kwamba ni maelezo ya ukubwa tu. Mtu aliyezoea gokati za Dubai, ambako uwanja wa Kartdrome una njia ya nje ya takriban kilomita 1.2 na jiji lenyewe liko pwani, asishangae akiona kwamba injini ya ukubwa ule ule hapa kwetu inapanda mwendo polepole zaidi.

Kasi, hata hivyo, haipaswi kukutawala. Gokati ya kwanza iliundwa mwaka 1956 huko California na Art Ingels, aliyekuwa akiunda magari ya mashindano, naye aliifunga injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi. Mengi ya usahili ule yamebaki hadi leo: gari halina springi, halina difrensha (gia zinazoyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona), na magurudumu ya nyuma yote mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, yaani chuma kirefu kinachoyazungusha pamoja. Dereva hukaa sentimita chache tu juu ya lami, kiasi kwamba mwendo wa kilomita 50 kwa saa humwingia mwilini kama 100. Kwa sababu hakuna springi, kila mtikisiko huishia kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti huingia kwenye mbavu. Kiti kikiwa kipana kuliko mwili wako, utatoka na michubuko ambayo utaihisi siku tatu kila unapocheka. Uwanja unaojali wateja huwa na viti vinavyosogezwa, au angalau mito ya kuweka mgongoni na ubavuni. Mjamzito na mwenye maradhi ya mgongo au shingo wabaki kwenye uzio.

Ukisharidhika na uliyoyaona, lipa zamu moja tu, kisha utumie dakika mbili za kusubiri kulikagua gari lako. Kanyaga breki kwa nguvu na uisikilize kwa mguu. Inapaswa kuwa ngumu kabla haijafika nusu ya safari yake. Kanyaga mafuta na uachie, ukiangalia kama kanyagio linarudi lenyewe bila kusita. Tikisa usukani kushoto na kulia ukiwa umesimama, na ukiona unacheza sana kabla magurudumu hayajaitikia, omba gari jingine. Hakuna aibu katika kuomba. Kwenye uwanja mmoja ambao sasa naurudia mara kwa mara, nilikuwa naingia kwenye gari namba saba, fundi akaja akifuta mikono kwa kitambaa na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hilo liache, kaka. Breki yake inavuta kushoto, nalitoa sasa hivi." Akalisukuma hadi kwenye kibanda chake, akapindua ubao ulioandikwa namba hiyo ukutani, na halikurudi njiani siku hiyo. Maneno yale machache yalinivutia kwenye uwanja huo kuliko tangazo lolote.

Mavazi yanahitaji maelezo marefu kidogo, hasa kwetu sisi ambao watu wengi huvaa hijabu, leso, kanga, skafu na nywele ndefu za kusuka. Ekseli ya nyuma huzunguka wazi karibu na mgongo wa dereva, na kitambaa kinachopeperuka kinaweza kunaswa na kuvutwa kwa nguvu ambayo mtu hawezi kushindana nayo. Mwaka 2010, huko Port Stephens nchini Australia, mwanamke mmoja alifariki baada ya vazi lake kunaswa kwenye gokati kwa namna hiyo. Uwanja unaofaa huwaambia wateja jambo hili bila kuona haya, huwa na ovaroli za saizi mbalimbali, na hutoa kitambaa cha kuvaa chini ya helmeti ambacho humwezesha mwenye hijabu kujisitiri vizuri huku ncha zote zikiwa ndani ya ovaroli. Ukiona mtu ameruhusiwa kuingia njiani huku mtandio ukining'inia mgongoni au rasta zikiwa nje ya helmeti, ondoka, hata kama umeshalipa. Helmeti yenyewe iwe ya kufunika uso mzima, isicheze kichwani unapotikisa shingo, na kioo chake kisiwe na mikwaruzo inayoifanya njia ionekane kama imefunikwa na ukungu. Viatu viwe vya kufunika mguu, na kamba zake ziingizwe ndani.

Ukikutana na uwanja ulio ndani ya jengo, swali la kwanza liwe la hewa. Injini za petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na zamu moja ndani ya ghala lisilo na feni kubwa za kutoa hewa yatosha kukuumiza kichwa. Kwa viwanja vya nje, tatizo ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, uliza mapema kama pesa hurudishwa au zamu huahirishwa mvua ikinyesha katikati, na upate jibu hilo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Kuhusu bei, usilinganishe zamu kwa zamu, linganisha dakika. Tuseme uwanja mmoja unatoza shilingi 2,000 kwa dakika 10 na mwingine shilingi 1,800 kwa dakika 8. Wa pili unaonekana nafuu, kumbe kila dakika yake inagharimu shilingi 225 ilhali ya kwanza inagharimu 200. Uliza pia saa huanza kuhesabiwa wakati gani, kwa kuwa kuna mahali dakika huanza kukimbia wakati magari bado yamepanga mstari yakisubiri kuwashwa. Kama mnakwenda kundi la ofisini ili kushindana, mtake uwanja unaopima muda wa kila mzunguko kwa kifaa kilichofungwa kwenye gari na kuwapa matokeo yaliyochapishwa, na mwulize kama upo utaratibu wa kuwaongezea vyuma wale wepesi. Bila hivyo, mwenye kilo 55 atamwacha mwenye kilo 95 hata kama huyo wa pili ndiye dereva hodari, na mabishano yatawafuata hadi Jumatatu.

Wakati mzuri wa kwenda ni asubuhi ya siku ya kazi, pale magari yanapokuwa machache njiani na fundi ana nafasi ya kukusikiliza. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, hivyo anayepanga kufika saa kumi na mbili ahakikishe kwanza kwamba njia ina taa, na kwamba taa hizo zinawaka kwenye kona zote.